Lete Spana Kumi na Tatu: Namna ya Kuandika Fundi na Mwanagenzi Katika Riwaya ya Anga

Kama umewahi kukaa kwenye gereji ya mtaani hata nusu saa, unamjua kijana wa fundi. Mikono myeusi kwa oili, ovaroli imemzidi mwili, na kazi yake kubwa ni kutumwa. "Lete spana kumi na tatu." Anakimbia, analeta kumi na nne. Fundi amelala chini ya gari. Anaipokea, anaiweka kando, ananyoosha mkono tena bila kusema neno. Kijana anarudi kwenye boksi. Somo limekwisha, na kesho hatakosea.

Sasa fungua mswada wa riwaya ya kisayansi ya mwandishi anayeanza. Nimesoma mingi ya marafiki, na wangu wa kwanza ulikuwa hivyohivyo. Mzee mwenye ndevu nyeupe ameketi juu ya jiwe kwenye sayari nyekundu. Anamwaga methali kurasa tatu. Kijana anatikisa kichwa. Sura ya saba mzee anakufa, kijana analia, kisha anashinda vita. Katika kurasa zote hizo hakuna hata mara moja ambapo mmoja kamtuma mwenzake kifaa.

Mwongozo huu ni wa kurekebisha hilo. Nitatumia riwaya ninayohangaika nayo mwenyewe, kwa kuwa makosa yake nayajua. Kuna Bi Zuhura, mchomeleaji wa miaka sitini na ushei, na Kombo, kijana wa miaka kumi na saba kutoka Ngomeni, karibu na Malindi. Wanafanya kazi kwenye chombo kinachofuata meli za mizigo zilizoharibika angani, ama kuzitengeneza, ama kuzikata ziwe vyuma chakavu. (Ndiyo, Zuhura ni jina la sayari. Ni jina la mabibi wengi wa Pwani pia, na hakuna aliyewahi kuwauliza kuhusu anga.)

Hatua ya 1: Chagua kazi kabla hujachagua watu

Usianze na "mwalimu mwenye hekima". Hekima haishikiki. Anza na kazi ya mikono ambayo watu hawa wawili wataamka nayo na kulala nayo: kutengeneza pampu, kukuza mboga kwenye maji ndani ya chombo, kuchora ramani za vimondo. Ukishaipata kazi, tabia za watu zitakuja zenyewe, maana mshona viatu na mvuvi hawakasiriki kwa namna moja.

Nilichagua kuchomelea kwa sababu nilijua kazi hiyo imeshafanyika kule juu. Tarehe 25 Julai 1984, Svetlana Savitskaya wa Muungano wa Kisovieti alitoka nje ya kituo cha Salyut 7 na kifaa cha mkononi kinachorusha mwale wa elektroni, akakata vyuma na kuviunga. Ndiye mwanamke wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, na alitoka kwenda kufanya kazi ya fundi. Nilipolijua hilo, Bi Zuhura akazaliwa palepale.

Halafu ijue kazi hadi kero zake. Vazi la anga hujazwa oksijeni kwa shinikizo la kama theluthi moja ya hewa tunayovuta huku chini, kwa hiyo glovu inakuwa ngumu kama mpira uliojaa upepo. Kila unapokunja vidole unapigana nayo. Wapo wanaanga waliorudi ndani kucha zimeng'oka. Msomaji akiliona hilo ukurasa wa kumi, hutahitaji kumwambia kwamba Bi Zuhura ni mvumilivu.

Kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya hadithi, jijibu maswali haya matatu kuhusu kazi uliyochagua:

1. Anayeanza hukosea wapi kila mara?
2. Fundi anajua nini kwa mkono wake ambacho hawezi kukieleza kwa mdomo?
3. Kosa lipi halina marekebisho?

Majibu yangu: anayeanza hukaza kwa nguvu za bega badala ya kifundo cha mkono, na pasipo uzito akikaza hivyo ni yeye anayezunguka, nati imetulia. Fundi hawezi kusikia chuma kikilia, kwa sababu kwenye ombwe hakuna hewa ya kubeba sauti, lakini akikiegemeza kiganja juu yake anausikia mtetemo kupitia glovu na anajua kama kiungo kimeshika. Na kosa lisilo na marekebisho ni tundu kwenye vazi. Mtu akikosa hewa ghafla ana sekunde kumi hadi kumi na tano za kujitambua. Basi.

Hayo matatu ndiyo riwaya. La kwanza litakupa vichekesho, la pili litakupa mapenzi kati yao, la tatu litakupa hofu.

Hatua ya 2: Soma mnyororo mmoja wa kweli wa mwalimu na mwanafunzi

Kabla ya kubuni, nenda katafute watu wa kweli. Mimi wangu niliwakuta palepale Ngomeni.

Kwenye Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji hicho, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama ndani ya bahari. Waitaliano waliyaweka miaka ya 1960 kwa ajili ya kurushia roketi, kwa sababu karibu na ikweta dunia yenyewe, kwa mzunguko wake, hukupa msukumo wa bure wa takriban mita 465 kwa sekunde. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya Marekani ya kutafuta eksirei angani, na kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Kabla yake haikuwahi kuwapo setilaiti ya kazi hiyo peke yake. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei.

Aliyeongoza sayansi yake ni Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani. Na hapa ndipo panapomhusu mwandishi. Mwaka 1959 Giacconi hajafika hata miaka thelathini, na mzee mmoja, Bruno Rossi, akamdokezea kwamba huenda ingefaa kutazama eksirei za nyota. Wazo hilo wengi waliliona halina mbele wala nyuma. Rossi mwenyewe aliondoka Italia mwaka 1938 kwa sababu ya sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Lakini kabla ya hapo, alipokuwa Florence, alikuwa na kijana aliyefanya naye kazi, Giuseppe Occhialini. Miaka ikapita, Occhialini akawa profesa Milan, na miongoni mwa waliosoma pale alikuwapo Giacconi. Kwa hiyo Rossi alipomdokezea Giacconi, alikuwa anazungumza na mjukuu wake wa kielimu.

Juni 1962 wakarusha roketi ndogo iliyokaa juu dakika chache tu. Lengo lililoandikwa lilikuwa kuangalia eksirei za mwezi. Wakakuta kitu kingine kabisa, chanzo chenye nguvu upande wa kundinyota la Nge, mbali nje ya mfumo wetu wa jua. Mwaka 2002 Giacconi akapewa Tuzo ya Nobel. Rossi alikuwa amefariki 1993. Occhialini naye, ambaye kazi alizoshirikiana na wakubwa wake zilizaa Nobel ya Patrick Blackett mwaka 1948 na ya Cecil Powell mwaka 1950, hakupata hata moja. Alifariki mwaka huohuo wa 1993.

Bado kidogo. Mwaka 1996 Italia ilirusha setilaiti yake ya eksirei, ikaitwa BeppoSAX, kwa kuwa Beppo ndilo jina ambalo Occhialini aliitwa na rafiki zake. Ilizunguka karibu na ikweta na ikateremsha taarifa zake kila mzunguko kwenye kituo cha ardhini kilichopo Malindi. Yaani chombo cha mwanafunzi kilipanda kutoka pale, na robo karne baadaye chombo chenye jina la mwalimu kikawa kinazungumza na ufukwe uleule.

Nilikaa na habari hiyo wiki nzima. Kilichonishika ni kwamba yule mzee hakumpa kijana jibu, maana hakuwa nalo. Alimpa swali ambalo yeye mwenyewe asingeishi kulimaliza. Mashujaa wetu wa riwaya hupewa panga, ramani, siri ya ukoo. Nani hupewa swali?

Wewe tafuta mnyororo wako. Unaweza kuwa wa wanasayansi, wa manahodha, wa waganga, wa wapiga taarabu. Andika kwenye karatasi nani alimpa nani nini, na nani alisahauliwa. Usiwaingize watu hao kwenye hadithi. Chukua umbo la uhusiano wao tu.

Hatua ya 3: Andika onyesho la kufundisha lisilo na mafundisho

Hili ndilo zoezi gumu kuliko yote humu, kwa hiyo lifanye mapema, hata kabla ya kujua mwisho wa hadithi. Kurasa mbili. Sharti ni moja: fundi haruhusiwi kueleza jambo lolote. Anaruhusiwa kutuma, kukataa, kurudia, kunyamaza.

Langu, baada ya kukatwa mara nyingi, limebaki hivi:

"Lete kumi na tatu," alisema Bi Zuhura.

Kombo alijivuta kwa ukamba hadi kwenye boksi la vifaa, akarudi nayo. Bi Zuhura hakuitazama. Aliipitishia kidole gumba kwenye mpini, akaiachia. Spana ikabaki inaelea katikati yao, ikijizungusha taratibu.

"Ukiona vyaelea," alisema, "ujue kuna mtu kaleta sivyo."

"Samahani, Fundi."

"Samahani haikazi nati."

Kombo aliidaka na kurudi kwenye boksi. Nyuma yake Bi Zuhura alikuwa ameshaanza kuimba chini kwa chini, kama alivyoimba kila aliposubiri.

Mswada wa kwanza wa onyesho hili ulikuwa na aya nzima ambapo Bi Zuhura anamweleza Kombo umuhimu wa umakini katika anga za juu. Niliifuta, na hakuna kilichopungua. Methali niliibakiza kwa sababu mbili: ameivunja, na mahali pasipo uzito vitu huelea kweli. Fundi wako ukimpa methali nzimanzima zilizonyooka, atasikika kama kanga. Mpe moja, na aipinde.

Angalia pia kile ambacho Kombo hakijui hapo. Kwa nini Bi Zuhura hakuitazama spana? Msomaji atadhani ni ustadi wa mtu aliyeshika vyuma miaka arobaini. Mwache adhani hivyo.

Hatua ya 4: Mpe fundi shida anayoificha

Fundi asiyehitaji kitu kutoka kwa mwanagenzi wake ni sanamu. Jiulize: huyu mtu mzima, mjuzi, mwenye haraka, amekubali vipi kuburuta mtoto asiyejua kushika tochi? "Alimwona ana kipaji" ni jibu la uvivu. Lazima kuna kitu amepungukiwa.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvuvia. Mwanagenzi yupo pale kwa sababu mtu anatakiwa kwenye mivukuto, na mhunzi hawezi kuvuvia na kugonga kwa wakati mmoja. Tafuta mivukuto ya fundi wako ni ipi.

Kwa Bi Zuhura ni macho. Sikulibuni tatizo lake. Baadhi ya wanaanga waliokaa miezi kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga wamerudi macho yamebadilika: nyuma ya jicho hubonyea kidogo, na vitu vya karibu huanza kuonekana kwa ukungu. Sasa mweke mtu huko miaka kumi na tano, jumla jumla. Bi Zuhura hasomi tena namba kwenye spana. Amezichonga zote kwa tupa, meno kwenye ukingo wa mpini: kumi na mbili jino moja, kumi na tatu mawili, kumi na nne matatu, kina cha kucha. Kidole gumba ndicho jicho lake. Kombo amechukuliwa kusoma mita na skrini, lakini ameambiwa amechukuliwa kubeba boksi.

Rudi sasa kwenye onyesho la hatua ya tatu ulisome tena. Kile kilichoonekana ustadi kilikuwa ulemavu unaofichwa, na bado ni ustadi. Ukiweza kumfanya msomaji arudi nyuma kurasa themanini kulitazama tena tendo dogo, umeshinda, hata kama roketi zako hazijapaa bado.

Onyo dogo: siri isiwe jinai. Kila fundi katika riwaya za anga zama hizi alikuwa jasusi au aliua mtu. Aibu ya kawaida ya binadamu, ya kutoona, ya kutojua kusoma, ya kuogopa kutoka nje tangu siku fulani, inamshika msomaji vizuri zaidi.

Hatua ya 5: Panga wanavyoitana kabla ya kupanga matukio

Hapa Kiswahili kinakufanyia nusu ya kazi, na waandishi wengi wanaiacha mezani. Sisi hatuitani ovyo. Chukua karatasi, upande mmoja andika sura za riwaya, upande wa pili andika katika kila sura huyu anamwita yule nani.

Siku ya kwanza Kombo anaamkia, "Shikamoo, Bi Zuhura," naye anajibu, "Marahaba," bila kugeuka. Saa ya kazi anaitwa Fundi, hata na mkuu wa chombo. Yeye kwa Kombo anaanza na "we mtoto". Mpishi wa chombo, mtu wa Dar es Salaam, anamwita Kombo saidia fundi. Baharia wa Mombasa anamwita mtu wa mkono. Kombo anajifanya hasikii yote mawili. Sura ya tano, kwa mara ya kwanza, Bi Zuhura anasema "Kombo", na hasemi lolote la maana baada ya hapo, anataka tu chumvi. Lakini Kombo analala na jina lake usiku ule.

"Mwanangu" ni mali adimu. Toa mara moja kwenye riwaya nzima. Mswada wangu wa pili ulikuwa nayo mara kumi na moja, na Bi Zuhura akawa shangazi wa kila mtu. Niliziondoa kumi, nikabaki natafuta mahali pa ile moja. Nitakuonyesha nilipoiweka.

Kisha kuna upande wa pili, ule unaochoma. Kijana wa Pwani kumwambia mama wa makamo "wewe" kwa hasira ni kama kumpiga kofi. Huhitaji ngumi. Katika riwaya yangu wamekosa kazi ya siku tatu kwa sababu kipimo kilisomwa vibaya, Kombo amelaumiwa mbele ya wote, na akiwa kwenye kizingiti cha mlango anageuka: "Kwani wewe huzioni hizo namba?"

Neno moja la kukosa adabu, na ndani yake ukweli ambao yeye mwenyewe hajui ameutaja. Chumba kizima kinanyamaza. Daktari wa chombo anainua kichwa.

Hatua ya 6: Fundi akosee, na kosa liwe la fundi kweli

Hatua fupi. Makosa ya fundi yasitokane na upumbavu wa ghafla kwa sababu wewe mwandishi unahitaji tukio. Yatokane na uzoefu wenyewe. Mtu aliyeziba mivujo mia ya vali ataanza kutafuta mvujo wa mia na moja kwenye vali. Mwaka 2018 chombo cha Soyuz kilichounganishwa na Kituo cha Kimataifa kilikutwa kinapoteza hewa taratibu. Tundu lilikuwa la milimita kama mbili, ukutani, likazibwa kwa gundi na utepe. Bi Zuhura angekesha kwenye vali usiku kucha. Kombo, asiyejua kitu, ndiye anayeona karatasi ya pipi imejibandika ukutani na haitoki.

Usimfanye kijana ashangilie. Mwache asite kusema.

Hatua ya 7: Watenganishe kwa umbali, si kwa kaburi

Najua unataka kumuua fundi. Kila mtu anataka. Kifo chake kinamlazimisha kijana kusimama peke yake, na kinakutoa machozi kwa bei rahisi. Lakini riwaya ya anga ina kitu ambacho hadithi ya msituni haina: umbali unaochelewesha sauti. Kutoka duniani hadi mwezini ishara ya redio huchukua sekunde moja na robo hivi. Kwenda Mirihi huchukua kuanzia dakika tatu hadi ishirini na mbili, kutegemea sayari zimekaaje. Fundi yupo hai, anakupenda, anakusikia, na hawezi kukusaidia.

Kwa hiyo kofi la "wewe" linazaa matokeo: daktari anampima Bi Zuhura, anazuiwa kuruka, anabaki kituoni Ngomeni na spika ya redio. Kombo anaondoka na boksi lake la spana. Anapofika kwenye meli ya mizigo iliyokufa, wametengana dakika nne za mwanga. Ukiuliza swali, jibu linakuja baada ya dakika nane.

Tatizo la kumpata kule nje nimeliazima kwenye tukio la kweli. Mwaka 2001 mwanaanga Mkanada Chris Hadfield alikuwa nje ya Kituo cha Kimataifa, dawa ya kuzuia ukungu kwenye kioo cha kofia ikaingia jichoni. Kule machozi hayadondoki. Hujikusanya kama tone nene juu ya jicho, kisha yakavuka hadi jicho la pili. Akawa haoni kabisa, mkononi ameshika kifaa. Baada ya muda machozi yenyewe yaliizimua dawa, akaendelea na kazi.

Basi Kombo haoni. Vali ya tangi iko mbele yake, imelegea nusu.

"Fundi, sioni," alisema, halafu akakumbuka kwamba maneno hayo bado yako njiani.

Alipapasa kiunoni. Glovu ilikuwa ngumu. Akaibana spana ya kwanza kwenye kiganja na kuipitishia gumba, polepole, kama alivyomwona akifanya mara elfu na kudhani ni mazoea ya kizee. Jino moja. Akairudisha. Ya pili: moja, mbili.

Alikaza kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Akaegemeza kiganja kwenye bomba na kusubiri. Mtetemo ukapungua, ukawa mwembamba, ukaisha.

Ndipo sauti ikafika, kavu, yenye mikwaruzo, ikijibu kitu alichokisema dakika nane nzima zilizopita. "Lia, mwanangu. Usiyazuie. Machozi yataosha."

Kombo alikuwa amekwisha kulia siku nyingi.

Hapo ndipo nilipoiweka ile "mwanangu". Inakaa kwa sababu ni maelekezo ya kazi. Kama angesema "usiogope, mwanangu", ningeifuta na hiyo pia. Na inafika imechelewa, vali imeshakazwa, kwa hiyo haikumwokoa mtu. Msomaji fundi atakuuliza kama meno ya tupa yanasikika kupitia glovu iliyojaa hewa. Swali la haki. Ndiyo maana kwenye hatua ya nne nilisema kina cha kucha, na ndiyo maana nilirudi kwenye sura ya pili nikaongeza mstari mmoja ambapo Kombo anashangaa kwa nini vyombo vya bibi huyu vimeharibiwa hivi. Kila unachotaka kivunwe mwishoni, rudi nyuma ukapande.

Hatua ya 8: Kilemba

Zamani Pwani, mtu akihitimu kwa fundi alitoa kilemba, zawadi ya kimila ya kufungia kazi. Riwaya yako inahitaji kilemba chake. Kiwe kitu, kisiwe hotuba ya shukrani, na hasa kisiwe kilemba cha ukoka cha kumwambia mzee alikuwa bora kuliko wote. Kiwe na kazi. Na kimwonyeshe fundi kwamba mwanagenzi anajua zaidi ya alivyowahi kusema.

Nimeandika onyesho hili mara nne. La kwanza lilikuwa na machweo ya jua juu ya Ghuba ya Ungwana, kukumbatiana, na upepo. La sasa lina Bi Zuhura ameketi barazani, na Kombo ameweka mbele yake seti mpya ya spana ndani ya kitambaa. Zote zimechongwa meno kwa tupa.

Alizipitia moja moja kwa kidole gumba, macho yake yakiwa baharini. Alipofika ya sita alirudi nyuma, akaigusa tena ya tano.

"Kumi na nne umeikata vibaya," alisema. "Jino la tatu halina kina."

"Nitairudia, Fundi."

"Kaa kwanza unywe chai."